CHOO KWANZA, HEMA BAADAYE

Katika chuo cha maofisa, kabla kuruta hajafundishwa kusoma ramani wala kupanga lindo, hufundishwa jambo moja ambalo wengi wetu tulilicheka siku ya kwanza: kombania ikifika mahali pa kulala, choo huchimbwa kwanza, tena mbali na maji ya kunywa, na hema husimikwa baadaye. Mkufunzi wetu hakukubali hoja ya uchovu wala ya giza. Tulichimba usiku, mvua ikinyesha, tukimlaani kimoyomoyo.

Miaka michache baadaye tuliwekwa mahali ambapo hatutapataja, jirani na kombania nyingine iliyotanguliza hema. Katika muda wa majuma mawili kombania hiyo haikupigana na adui yeyote, lakini waliosimama gwarideni asubuhi walikuwa pungufu ya nusu. Wengine walikuwa wamelala wameshika matumbo, na wengine walikuwa wamezikwa. Tangu siku hiyo hatujamlaani tena mzee yule.

Wala hili si jambo geni katika historia ya majeshi. Majeshi yaliyopigana Afrika ya Mashariki kati ya mwaka 1914 na 1918 yaliteketea kwa malaria, kuhara damu na homa kuliko kwa risasi. Wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa vyakula na zana za Waingereza walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi mno kati yao hawakuuawa na Mjerumani, bali na unga usioiva, maji machafu na kukosa dawa. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo lililobaki Dar es Salaam kama Kariakoo na Nairobi kama Kariokor. Kila aendaye Kariakoo kununua kitenge hukanyaga jina la watu waliokufa kwa sababu wakubwa wao walikuwa na fedha za mizinga na hawakuwa na fedha za sufuria.

Tumeanza na habari hizi kwa kuwa leo twataka kusema juu ya Idara ya Afya ya Kaunti ya Juba na makisio yake ya fedha, nasi twajua kwamba askari akiona neno "makisio" hugeuza ukurasa atafute habari za mpira. Tafadhali, ndugu askari, usigeuze. Habari hii ni ya mkeo, ya wanao na ya kikosi chako.

Tuhesabu kwanza. Mwaka 2014 kipindupindu kililipuka hapa Juba, kikatangazwa rasmi katikati ya mwezi wa Mei. Watu zaidi ya 6,000 waliugua nchini na zaidi ya 160 wakafa. Mwaka 2015, mwezi wa Juni, kikarudi Juba, kikaua watu zaidi ya 40. Mwaka 2016 kikarudi tena, na safari hii hakikutangazwa kuwa kimekwisha mpaka Februari 2018, baada ya wagonjwa zaidi ya 20,000 na vifo zaidi ya 400. Kisha, tarehe 28 Oktoba 2024, mlipuko ukatangazwa Renk, kwenye njia ya ndugu zetu wanaokimbia vita vya Sudan, ukateremka hadi Juba na kwingineko. Kufikia katikati ya mwaka 2025 wagonjwa walikuwa wamepita 70,000 na waliokufa wamepita 1,300. Huo ndio mlipuko mkubwa kuliko yote tangu nchi hii ipate uhuru.

Mara nne katika miaka kumi na moja. Adui akishambulia lindo lile lile mara nne kwa njia ile ile, mkuu wa lindo huulizwa maswali. Nasi twauliza: mbona kila mara fedha hufika baada ya maiti? Ugonjwa ukitangazwa, ndege hushuka na mahema meupe, dripu na magari. Ugonjwa ukipungua, mahema hukunjwa, magari huondoka, na bwana afya wa payam hubaki na daftari lake na jozi moja ya viatu vya mpira. Hapana anayeweza kusema kwamba fedha hazikutumika. Zilitumika, tena nyingi, lakini zilitumika kuzima moto na si kufagia majani makavu.

Watu wengi hudhani kwamba afya ya Juba ni Hospitali ya Kufundishia ya Juba, na basi. Hospitali hiyo ni ya rufaa na hutegemewa na nchi nzima. Idara ya Afya ya Kaunti kazi yake ni nyingine, nayo haina fahari machoni pa watu. Idara ndiyo yenye kuangalia vituo vya afya kama vya Kator, Munuki, Nyakuron na Gurei, pamoja na zahanati za payam za mbali kama Lobonok, Wonduruba, Rokon na Mangalla. Ndiyo yenye kutuma chanjo, kuwasimamia wakunga, kupokea habari za ugonjwa wa ghafla kutoka bomani, na kukagua maji, vyoo na machinjio. Kwa lugha yetu ya kijeshi, hospitali kuu ni kikosi cha akiba. Idara ya Kaunti ndiyo doria. Jeshi lenye akiba nzuri lisilo na doria hushtukizwa usingizini.

Je, doria hiyo hulishwa na nani? Tangu mwaka 2012 vituo vingi vya afya nchini viliendeshwa kwa fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, uliosimamiwa na Uingereza kwa niaba yake na ya wafadhili wengine. Mfuko huo ulifikia kikomo mwaka 2024, na mahali pake pakaja Mradi wa Mageuzi ya Sekta ya Afya, unaopitia Benki ya Dunia, huku UNICEF ikibeba sehemu kubwa ya uendeshaji. Mwaka 2025 Marekani ikakata misaada yake kwa ghafla, na huko Akobo, katika Jimbo la Jonglei, wagonjwa wa kipindupindu, wengi wao watoto, walikufa njiani wakitembea saa kadhaa juani kutafuta matibabu baada ya vituo vya karibu nao kufungwa. Kabla ya hayo, Februari 2024, bomba la mafuta yetu lipitalo Sudan lilikuwa limeharibika katikati ya vita vya huko, na mapato ya Serikali yakaanguka. Mishahara ya watumishi wa umma, pamoja na yetu sisi wenye sare, ikakawia miezi kwa miezi. Hatuna haja ya kumweleza msomaji wetu jambo hilo. Anajua kuliko sisi ni mara ngapi mwenye duka alikataa kumkopesha.

Mwezi wa Aprili 2001, wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja, wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti za nchi zao kwa ajili ya afya. Nchi yetu ilikuwa haijazaliwa. Lakini tangu izaliwe mwaka 2011 fungu la afya limekuwa mbali mno na kiwango hicho mwaka baada ya mwaka, na fungu la ulinzi na usalama limekuwa kubwa zaidi yake mara nyingi. Twasema hivyo sisi wenyewe tunaolipwa kutoka katika fungu hilo kubwa.

Basi maadamu fedha ni haba, suala la kwanza haliwi "tupate wapi zaidi?" bali "hizi tulizonazo zinakwenda wapi?" Na hapo ndipo ugonjwa wa idara nyingi katika Afrika ulipo. Kasma hugawanywa kwa kufuata sauti. Anayelalamika kwa nguvu hupewa. Mkubwa ataka gari, hupewa gari. Kituo kilicho kando ya barabara kuu, ambacho wageni hukiona, hujengewa ukuta na kupakwa rangi. Mfadhili apenda ugonjwa fulani. Fedha zote humfuata mfadhili. Zinazobaki, kama zinabaki, hugawanywa kama zilivyogawanywa mwaka jana, ambao nao ulifuata mwaka juzi.

Yafaa tutazame jirani zetu walivyofanya, maana tangu mwaka 2016 sisi tu wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ujumuiya usiwe wa bendera na forodha tu. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya ya Tanzania, ikisaidiwa na Shirika la Utafiti wa Maendeleo la Canada, iliingia katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini, zenye watu wapatao 700,000 kwa jumla. Hawakuja na hospitali mpya. Walikuja na swali. Walipeleka watu nyumba kwa nyumba kuuliza nani amekufa, alikuwa na umri gani, na kabla ya kufa aliugua nini. Kisha wakayaweka majibu hayo kando ya kitabu cha mapato na matumizi ya wilaya.

Matokeo yake yalikuwa aibu. Katika Morogoro, malaria ilikuwa ikila asilimia 30 hivi ya miaka ya uhai iliyopotea kwa vifo, lakini katika bajeti ya mwaka 1996 ilikuwa imetengewa asilimia 5 tu. Magonjwa ya watoto kama kuhara na kichomi yalikuwa asilimia 28 ya hasara, nayo yalipewa asilimia 13 ya fedha. Hapakuwa na mwizi katika hesabu hizo. Walikuwapo watumishi wema waliokuwa wakigawa fedha gizani, kama mpishi atiaye chumvi katika sufuria asiyoiona.

Walipoiona sufuria, wakabadili. Waganga wa vijijini wakafundishwa kumwangalia mtoto mzima badala ya kutibu dalili moja, vyandarua vikahimizwa, dawa zikaagizwa kwa kadiri ya maradhi na si kwa kadiri ya mazoea, wanavijiji wakakarabati zahanati zao kwa mikono yao. Wilaya ziliongezewa fedha, ndiyo, lakini nyongeza iliyoruhusiwa ilikuwa dola 2 tu kwa kila mtu kwa mwaka, na kwa kweli hazikuweza kutumia hata dola moja nzima. Katika muda wa miaka mitano hivi vifo vya watoto vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40. Kwa bei hiyo hata sisi tuliozoea kusikia kwamba "hakuna fedha" twaweza kununua kitu.

Somo la Rufiji lina ncha mbili, nasi tusiishike moja tu. Ncha ya kwanza ni kwamba wilaya ilijua kinachoua watu wake. Ya pili ni kwamba fedha ile ndogo ilifika, ilifika kwa wakati, na wenye wilaya walikuwa na uhuru wa kuamua itumikeje. Idara isiyojua kinachoua, hata ikipewa fedha, itanunua ukuta. Idara inayojua isiyo na fedha ya hakika hukaa ikiandika taarifa nzuri za misiba.

Kwa hapa Juba, kutambua kinachoua hakuhitaji darubini. Ni malaria, kichomi, kuhara, na uzazi usio na mkunga. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba kati ya kila watoto 100,000 waliozaliwa hai nchini, mama zaidi ya 1,200 walikufa, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vibaya kabisa duniani. Juu ya hayo huja milipuko: kipindupindu, surua, na hofu ya Ebola kutoka mipakani. Ebola yenyewe si mgeni wetu. Mwaka 1976 ilianzia Nzara, ikaingia hospitali ya Maridi, ikaenea humo humo kwa wagonjwa na wauguzi, ikaua watu 151 kati ya 284 walioipata.

Kwa maoni yetu, basi, maji ndiyo ya kwanza. Maji ya mji huu hutoka Bahr el Jebel. Sehemu yake husafishwa na kupita katika mabomba, lakini nyumba nyingi sana za Gudele, Munuki, Lologo na Gumbo hunywa maji ya lori, au ya madumu yaliyobebwa kwa baiskeli. Lori likijaza mtoni na kwenda moja kwa moja mitaani, hugawa ugonjwa kwa bei nafuu. Lori hilo hilo likitiwa klorini kwa kipimo pale kituoni kabla halijaondoka, hulinda nyumba nyingi kwa gharama ndogo. Kazi hiyo yahitaji klorini yenyewe, kipimo, na mtu anayelipwa kila mwezi kusimama pale, si wakati wa mlipuko tu bali hata Januari, wakati ambapo hapana mtu anayekumbuka kipindupindu. Mtu huyo ndiye wa kwanza kuachishwa fedha zikipungua. Laiti angekuwa wa mwisho!

Pamoja na maji ni vyoo. Wazee wetu waliokaa Tanzania wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kuzunguka redio kwa majuma kumi na mawili, wakasikia, wakajadiliana, kisha wakachukua majembe. Vyoo vilichimbwa kwa wingi ajabu. Hatusemi mji wa leo ufanye kama vijiji vya wakati ule. Udongo wa mitaa mingine ya Juba ni jiwe, na kiwanja cha mtu hakina nafasi ya shimo la pili. Lakini redio tunazo.

Pili ni wahudumu wa afya wa boma. Mpango wao ulizinduliwa mwaka 2017, nao ni mpango wa akili: raia wa boma ile ile, aliyefunzwa, mwenye dawa za malaria, kichomi na kuhara kwa watoto walio chini ya miaka mitano, anayekaa umbali wa kutembea na mtoto mgongoni. Muasisi wa harakati zetu, Dakta John Garang, alikuwa akitaka miji ipelekwe kwa watu badala ya watu kuletwa mijini. Mhudumu wa boma ni sehemu ya mji iliyokwisha kufika Lobonok. Ila posho yake imekuwa ya kubahatisha, na sanduku lake la dawa mara nyingi huwa na chaki na tarishi wa hewa. Kumfundisha mtu na kumwacha bila dawa ni sawa na kumpeleka askari lindoni na bunduki isiyo na risasi. Tena afadhali askari, yeye anaweza kurudi nyuma.

Tatu ni wakunga na chanjo. Katika hili la chanjo tumepata bahati njema: mwezi wa Julai 2024 nchi yetu ilikuwa miongoni mwa za kwanza duniani kuanza kutumia chanjo mpya ya malaria kwa watoto, na mwaka 2015, dawa ya chanjo ya kipindupindu ilipokuwa adimu, ni hapa Juba watu walipopewa dozi moja badala ya mbili, na watafiti wakathibitisha kwamba dozi hiyo moja iliwakinga kwa kiwango cha asilimia 87 hivi katika muda mfupi uliofuata. Dunia imejifunza jambo kutoka Juba. Yafaa Juba nayo ijifunze kutoka Juba.

Twajua kupanga vya kwanza ni rahisi. Ugumu uko katika kusema nini kingoje. Mwandishi asiyetaja kinachongoja hajapanga, ameomba tu. Basi tutataja. Kuta na malango ya vituo yangoje. Magari ya wakubwa wa idara yangoje, isipokuwa la kubeba wagonjwa na la kupeleka chanjo. Semina za hotelini zingoje; watu wafundishwe kituoni, chini ya mwembe, wagonjwa wakiwapo. Hata wodi mpya yenye mashine za gharama, ambayo sote twaitamani kwa sababu tuna ndugu waliokufa wakipelekwa Kampala au Nairobi, nayo ingoje mpaka lori la maji litiwe klorini. Neno hili ni chungu. Mama wa mtu fulani atakufa kwa ugonjwa wa figo kwa sababu ya neno hili, na hatuwezi kumwambia mwanawe kwamba hesabu ni nzuri. Twasema tu kwamba, kwa fedha ya mashine moja, watoto wengi wa Wonduruba wasiojulikana majina wangeishi, na wao pia wana mama zao.

Kuna askari atakayesema: "Hayo ni ya raia. Sisi tuna hospitali yetu ya kijeshi." Ndugu yetu huyo tungependa kumuuliza mkewe anakaa wapi. Familia za askari na polisi wengi haziko ndani ya kambi. Ziko Gudele, ziko Munuki, ziko Gumbo, zinanunua maji ya lori lile lile. Mtoto wa sajini anapoharisha saa nane za usiku hapelekwi kwa jenerali. Hupelekwa kituo cha karibu cha Idara ya Kaunti, na kama dawa hakuna, basi hakuna kwa wote. Kisha sajini huomba ruhusa ya msiba, na lindo hupungukiwa mtu.

Ndiyo maana hatuoni haya kusema kwamba, ikiwa Hazina italazimika kulipunguza fungu moja ili Idara ya Afya ya Kaunti ipate ruzuku ndogo ya hakika kila robo ya mwaka, na ikalitazama fungu letu, askari mwenye akili asinung'unike. Jeshi hili limewahi kutoa zaidi ya fedha kwa ajili ya afya. Mwaka 1995, vita vikiwa vimepamba moto, Rais wa zamani wa Marekani, Jimmy Carter, aliwaomba wapiganaji wetu na serikali ya Khartoum wasimamishe mapigano ili wahudumu wapite kupambana na mnyoo wa Guinea. Bunduki zilinyamaza kwa karibu miezi sita. Vichujio vya nguo vya kuchujia maji ya kunywa viligawiwa, na watoto wakachanjwa pande zote mbili za mstari wa mapambano. Baada ya amani kazi ikaendelea kijiji kwa kijiji, kwa wajitolea wa huko huko. Mwaka 2006 waliougua mnyoo huo katika nchi hii walikuwa zaidi ya 20,000. Mwaka 2017 hakuripotiwa hata mmoja, na katika miaka iliyofuata, mpaka 2024, hawakupita kumi kwa mwaka mmoja. Hakuna hospitali iliyojengwa kwa ajili ya ushindi huo. Kilichotumika ni kipande cha nguo, mtu wa kijijini mwenye daftari, na nidhamu ya kutobadili shabaha kwa miaka ishirini.

Yako pia mambo ambayo hayangoji Hazina. Lori la dawa likifika kwenye kizuizi cha barabara, lipite. Lisisimamishwe kwa ajili ya "chai", lisikaguliwe mara tatu juani huku chanjo ikiharibika ndani ya barafu inayoyeyuka. Tunaandika haya tukijua kwamba mshahara umechelewa na watoto wana njaa. Lakini fedha ya kizuizini hutolewa katika sanduku la mhudumu wa boma, na sanduku hilo ni la mtoto wako. Ndugu zetu polisi nao wanayajua masoko ambamo dawa zenye alama ya Serikali, zisizoruhusiwa kuuzwa, hupangwa mezani kando ya betri na sabuni. Ni wao walio karibu na vituo vya kujazia maji pia. Polisi mmoja akisimama pale na bwana afya, dereva asiyetaka klorini hatabishana sana.

Limebaki suala la fedha kupotea njiani, ambalo wakubwa hawapendi kulisoma asubuhi. Nchini Uganda ilichunguzwa ni kiasi gani cha ruzuku ya Serikali kilichokuwa kikifika katika shule za msingi katika miaka ya mwanzo ya 1990. Ikaonekana ni asilimia 13 hivi. Serikali haikuunda tume juu ya tume. Ilianza kuchapa magazetini kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na kuagiza kila shule ibandike ubaoni kiasi ilichopokea. Baada ya miaka michache zaidi ya asilimia 80 ikawa inafika. Wazazi walikuwa na gazeti mkononi, na mwalimu mkuu alikuwa na ubao ukutani. Hapakuwa tena na pembe ya kujificha.

Tunapendekeza Kaunti ya Juba ifanye hivyo hivyo. Ruzuku ya Idara ya Afya itakapotoka, kiasi chake na tarehe yake vibandikwe kwenye mlango wa kila kituo, Kator hadi Rokon, pamoja na orodha ya dawa zilizopokewa. Nasi katika ukurasa huu tuko tayari kuchapa hesabu hizo kila robo ya mwaka, kwa herufi kubwa, mahali ambapo hukaa habari za mpira.

Mvua za Juba huanza Aprili. Tunawaomba wakuu wa vikosi na wa vituo vya polisi, kabla ya mvua hizo, wamtume koplo mmoja mwenye mwandiko mzuri azunguke nyumba za familia za watu wake, aandike mambo matatu tu: nyumba ina choo au haina, maji yake hutoka wapi, na mtoto wa mwisho kuugua alipelekwa kituo gani akapata dawa gani. Nakala moja ibaki kikosini. Nakala ya pili ipelekwe kwa mkono katika Idara ya Afya ya Kaunti, na atakayeipokea atie sahihi.